Chuma Kinachoyeyuka Kiganjani

Watu wa mtaa walimwita Sindano, na hawakuwa wanausema mwili wake. Alikuwa mwanamke mnene wa wastani, mwenye mabega ya mtu aliyeinamia meza tangu usichana, lakini ulimi wake ulikuwa mkali, na kalamu yake ya chuma ilikuwa kali zaidi. Kazi yake ilikuwa kuchonga mihuri ya medali. Alichukua kipande cha chuma kigumu, akakifunga kwenye jiliwa, akakikwangua kidogo kidogo, kushoto akikufanya kulia na mbele akikufanya nyuma, mpaka picha ikazama ndani ya chuma kama wayo kwenye matope. Hapo kazi ilihamia kwa mdogo wake wa kiume. Yeye aliufunga muhuri kwenye presi, akaweka kipande cha madini juu yake, akaiachia presi ishuke. Ilipotua, vikombe vya majirani vilitetemeka kabatini. Huyo walimwita Kishindo.

Karakana ilikuwa ya marehemu baba yao, na baada yake ikawa ya mama yao, aliyeishi chumba cha juu, palepale juu ya presi, na ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa amezoea kushika glasi yake ya maji kabla hajasikia mlio.

Zamani waligonga medali za mbio za shule na za wafanyakazi wanaostaafu, shaba tupu, kazi isiyomuumiza mtu kichwa. Kisha wakaja wakusanyaji. Walikuwa na chama chao na mwenyekiti wao, bwana mmoja mrefu aliyevaa glavu nyeupe hata kushika kikombe cha chai, na wazimu wao ulikuwa wa aina yake: hawakutaka dhahabu wala fedha. Mwenyekiti alisema dhahabu kila sonara anayo. Walichotaka ni titani, ile inayotumika kuungia mifupa iliyovunjika. Niobi, ambayo ukiipitishia umeme hugeuka bluu au zambarau bila tone la rangi. Na bismuthi, nzito kama risasi lakini ukiigonga kwa pupa inapasuka kama sahani.

Sindano akawachongea seti ya mikono. Mkono unaomenya kitunguu, mkono unaofunga kamba ya kiatu, mkono wa mkunga umeshika kichwa cha mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Kila mkono ulikuwa na madini yake. Wakusanyaji walizigombania medali zile kama kuku walivyo kwa mtama. Na chini ya kila kifundo cha mkono, mahali pa kuonwa na mtu mwenye macho, Sindano alitia alama yake: mstari mwembamba wenye tundu juu, sindano.

Ugomvi ulianzia hapo, kwenye alama.

Siku moja Mwenyekiti alikuja karakana, Kishindo akiwa ametoka, akamtolea Sindano medali ya mkunga ya niobi aliyoipokea wiki ileile. Alitaka kumpongeza. Sindano aliisogeza chini ya lenzi, akatazama kifundo. Sindano yake ilikuwepo, ila ilikuwa imeongezewa kitu. Mtu alikuwa ameuchimba muhuri upya kwenye ncha na kuuwekea kichwa. Sindano ilikuwa imegeuzwa mpini wa nyundo.

“Nyundo ya mdogo wako imekaa vizuri sana hapa,” alisema Mwenyekiti, ambaye hakujua lolote.

Kishindo aliporudi hakukana. Alisema amechoka kusikia medali za Sindano, seti ya Sindano, mikono ya Sindano, utadhani presi inashuka kwa dua. Alisema yeye ndiye aliyekesha na bismuthi mpaka akajua ipigwe kwa uzito gani isipasuke, na yeye ndiye aliyeunguza vidole kwa kuipitishia niobi umeme.

“Ungetia nyundo yako pembeni,” Sindano akamwambia. “Mahali palikuwepo. Kwa nini juu ya yangu?”

“Kwa sababu ulishapachukua pote, Dada.”

Hayo yalikuwa maneno ya mwisho waliyosemezana ana kwa ana kwa muda mrefu. Sindano alimwita fundi seremala, akapiga ukuta wa plaiwudi katikati ya karakana, toka mlangoni mpaka dirisha la nyuma. Kishindo naye akapigilia rafu upande wake, kwa misumari mirefu makusudi, ncha zikatokeza upande wa dada yake. Sindano hakuzikata. Alizitundikia makoti na vitambaa vyake, kila siku akizitazama, kila siku zikimpa nguvu mpya ya kuchukia.

Mihuri ilipita chini ya ukuta kwa mwanya. Maneno yalipita kwa mama yao, ambaye alikula chakula cha mchana mara mbili, kwanza na huyu halafu na yule, na kwa mke wa Kishindo, aliyeshughulika na wateja. Huyu wifi yake, Sindano hakumpenda tangu siku ya harusi. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, na Sindano aliamini kwamba mtu mwenye sauti ya chini vile lazima ana la kuficha. Aliamini pia kwamba wazo la nyundo lilitoka kwake. Kishindo, alisema, hana akili ya ubaya mzuri kama ule.

Sasa Kishindo akawa na dhamira moja tu, kuonyesha kwamba hamhitaji mchongaji. Alikuwa amesikia kutoka kwa Mwenyekiti kwamba kuna madini yanaitwa galiamu, ya rangi ya fedha, magumu ukiyaweka kwenye baridi, lakini ukiyashika mkononi kwa muda yanakuwa maji. Hayana sumu wala hayaunguzi, yanayeyuka tu kama siagi. Mkusanyaji mwenye medali ya galiamu, alisema Mwenyekiti, hana mwenzake chamani. Kishindo akaagiza bonge, likaja ndani ya chupa baada ya miezi minne. Kwa kuwa galiamu haihitaji presi, alitengeneza kalibu ya mpira, akaimimina humo, akaigandisha. Tatizo lake lilikuwa picha. Mtu asiyejua kuchonga atapata wapi picha? Akachukua muhuri wa mkunga, ule uliokuwa bado rafuni kwake, akaukandikia mpira, kisha mpira mwingine juu ya ule wa kwanza ili picha isitoke kinyume, akapata mkono wa dada yake, na nyundo yake juu ya sindano ya dada yake.

Karakana ilikuwa na joto la tanuri, basi medali ikapelekwa juu, kwenye friji ya mama. Mama aliisukuma kando ya maziwa, akasema amelea watoto na wajukuu lakini hajawahi kulea chuma.

Chama kizima kilitarajiwa kuja Jumamosi kuiona. Kishindo akataka meza yake ipendeze. Akamwomba mama yake medali nne za alumini zilizokuwa zimefungwa kwenye kitambaa kabatini, kazi ya baba yao ya ujanani. Zama zile alumini ilikuwa chuma cha masufuria, na mtu wa kuigonga medali alionekana kichaa. Mzee alikuwa amepata kipande cha bawa la ndege bovu, akalikata, akachonga uso wa mchumba wake kwa upande mmoja: nywele zilizosukwa, pua iliyoinuka kidogo, shingo ndefu. Muhuri wenyewe ulivunjika akigonga ya nne. Mchumba yule ndiye mama aliyekuwa sasa anakula chakula cha mchana mara mbili. Alimpa mwanawe medali, akamwonya asizisugue. Ukungu wa miaka ulikuwa umezikalia, na mwenyewe aliupenda.

Kishindo alizisugua. Alitumia msasa laini, kisha wa laini zaidi, mpaka zikang'aa kama vijiko vipya.

Ijumaa mchana Sindano alipanda kumjulia hali mama yake, akamkuta amelala. Akafungua friji kutafuta maji, akaona kikopo asichokijua. Akakifunua. Alisimama pale mlango wa friji ukiwa wazi, ubaridi ukimpiga tumboni, akautazama mkono wake mwenyewe. Alijua kila mkunjo wa vidole vile. Alikuwa amemwomba mkunga wa kweli amshikie embe bovu kwa saa nzima ili auchore ule mshiko. Na kwenye kifundo, nyundo.

Alishuka ngazi na medali mkononi. Hakupita upande wake. Alizunguka ukuta wa plaiwudi kwa mara ya kwanza tangu uwekwe.

Kishindo alikuwa anapanga medali za baba yao kwenye sinia la bati. Mkewe alikuwa kwenye kiti, anaandika vitambulisho vya maonyesho. Wote wawili waliinua macho.

“Umeniibia mara ya pili,” Sindano alisema.

Kishindo aliiona medali. Alisema taratibu, kama mtu anayezungumza na mbwa asiyemjua, kwamba hiyo irudishwe kwenye friji, watazungumza baadaye.

“Tutazungumza sasa.” Sindano akakunja vidole vyake, akaifunika. “Niambie. Ulipoutia mpira juu ya muhuri wangu, uliona haya hata kidogo?”

“Dada, fungua mkono.”

“Nimekuuliza.”

“Nilichukua kitu kilichokuwa rafuni kwangu. Mihuri ni ya karakana. Fungua mkono.”

“Na mkono ule ni wa karakana? Basi chonga mwingine. Kalamu hizo hapo nyuma ya ukuta. Nenda, nakungoja.”

Kishindo alisogea, Sindano akarudi nyuma. Alikuwa ameanza kuhisi ndani ya kiganja kitu kinaacha kuwa na kingo. Kwanza kifundo, kisha kichwa cha mtoto, vikalainika, vikamtelezea katikati ya vidole kama uji mzito. Baadaye alisema hakuwahi kujisikia vizuri vile maishani mwake, na alilisema bila kuona haya. Wifi yake alikuwa ameinuka kitini, amejiziba mdomo. Kishindo alisema, “Miezi minne, Dada,” na sauti yake ilikuwa ya mtoto. Hata hilo lilimfurahisha.

“Kagonge,” Sindano akamwambia, akaukung'uta mkono wake juu ya meza.

Matone mazito ya fedha yaliruka kila mahali, juu ya vitambulisho, juu ya msasa, juu ya sinia. Akaondoka. Nyuma yake alimsikia Kishindo akikwangua meza kwa kadi, akijaribu kukusanya kilichobaki kwenye kikombe, na mkewe akimwambia aache. Kisha akasikia kitambaa kikisugua. Kishindo alikuwa anazipangusa medali za baba yao. Alizipangusa moja moja, mbele na nyuma, kwa nguvu, kwa tambara lilelile lililokuwa limefuta galiamu, mpaka zikang'aa tena.

Hakuna aliyejua anafanya nini.

Jumamosi wakusanyaji walijaa upande wa Kishindo, na kwa kuwa hapakutosha, wakafurikia upande wa Sindano pia. Mama alishushwa, akapewa kiti karibu na presi. Sindano alibaki mwisho wa ukuta wake, karibu na mlango, mikono mfukoni. Alikuwa amejisugua kiganja kwa sabuni na mchanga lakini rangi ya kijivu ilikuwa imekataa kutoka kwenye mistari.

Kishindo aliwaambia wageni kwamba galiamu haikuwa tayari. Hakumtaja mtu. Ili kuokoa siku, akawaelekeza kwenye sinia: kazi ya marehemu baba yake, alumini ya bawa la ndege, na bibi mwenye uso ule ameketi palepale mbele yao. Watu wakamgeukia mama wakitabasamu. Mama, ambaye hakupenda kutazamwa, alinyoosha shingo yake kidogo, na ilikuwa shingo ileile.

Mwenyekiti alivua glavu yake moja, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, ili aishike kwa ngozi. Akaichukua medali ya kwanza kwa vidole viwili.

Ikavunjika. Haikutoa hata sauti. Ilimeguka kama biskuti iliyolowa, nusu ikabaki vidoleni, nusu ikaanguka kwenye sinia na kugawanyika tena. Mwenyekiti aliomba radhi, akiwa amebadilika rangi, akaichukua ya pili kwa kiganja chote. Ya pili ikapata ufa uliopita kwenye pua. Kishindo alimshika mkono asiguse nyingine, lakini mwenyewe akaibonyeza ya tatu kwa kidole, kama mtu anayejaribu kama mkate umeiva, na kidole kikazama. Ya nne ilikuwa imeshaota nyufa bila kuguswa.

Mmoja wa wakusanyaji, mwalimu wa kemia, alitazama vumbi la kijivu, akauliza kwa sauti ya chini kama kulikuwa na galiamu karibu. Akaeleza kwamba viwili hivyo havikai rafu moja. Galiamu hujipenyeza ndani ya alumini, hasa ikiwa imesuguliwa, na kuitenganisha chembe kwa chembe.

Watu wakaanza kutafuta kofia zao.

Sindano alimtazama mama yake. Mama hakuwa analia. Alikuwa anaitazama mikono ya mwanawe wa kiume, iliyokuwa na weusi wa msasa kwenye kucha. Kisha akamwita binti yake kwa kidole. Sindano akaenda. Mama akauchomoa mkono wake kutoka mfukoni, akaufungua vidole kimoja kimoja, akakiona kiganja.

“Huyu amenisugua,” alisema, “na huyu amenimwagia. Mlikubaliana?”

Akamtazama mmoja, kisha mwingine.

“Naona mlikubaliana. Basi ndilo jambo la kwanza mmelifanya pamoja tangu muweke huu ukuta wenu.” Akainuka mwenyewe, akakataa mkono wa kila mtu. “Nataka funguo. Zote.”

Walidhani ni hasira ya siku moja. Jumatatu walikuta kufuli jipya. Kufikia mwisho wa mwezi, mama alikuwa amempangisha pale muuza magodoro, na alimwambia kila jirani kwamba alichagua biashara hiyo baada ya kufikiri sana, kwa kuwa godoro hata likianguka halisikiki. Kishindo aliihamisha presi kwa winchi mpaka kwenye banda nyuma ya gereji, upande wa pili wa mji. Ukuta wa plaiwudi muuza magodoro aliung'oa siku ya kwanza, akaulalia.

Sindano akaweka meza yake dirishani nyumbani kwake. Alimtembelea mama kila Jumatano, Kishindo siku za Jumapili. Katika miezi ile ya kwanza Sindano alikuja na karatasi na penseli, akamwomba mama akae kwenye mwanga, ageuze uso kidogo, ili amchonge upya. Alisema angemchonga kwa titani, kitu kisichoshikwa na kutu wala galiamu. Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho.

“Uso ule alinichonga mtu aliyenipenda kuliko kazi yake,” alisema. “Huu wa sasa hamtaupata, wewe wala yeye. Niletee lile beseni.”

Sindano akamletea beseni. Hakurudia tena kuomba, na kurudi nyumbani siku hiyo alitembea kwa miguu njia nzima, akigombana kichwani na kila mtu aliyemjua, aliye hai na aliye kaburini, na hakumshinda hata mmoja.

Wazee walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Aliyelichukua jembe ni wifi. Alikuja siku moja asubuhi bila taarifa, mkoba begani, akasimama mlangoni kwa Sindano na ile sauti yake ya chini. Alisema Chama bado kinataka mikono iliyobaki kwenye seti. Kishindo ana presi bila picha. Sindano ana picha bila presi, na mafundi wengine wawili aliowajaribu wameshampasulia mihuri, habari zimefika.

“Amekutuma,” Sindano alisema.

“Hajui nimekuja. Akijua atapiga kelele, halafu ataufunga muhuri kwenye presi. Namjua. Sikuja kupatanisha mtu, wifi. Mimi mwenyewe sikupendi. Nimekuja kuchukua kazi.”

Sindano akaweka kalamu chini. Alimuuliza swali alilokuwa amelikalia siku zote, kama wazo la nyundo lilikuwa lake.

“Nilimwambia asiguse,” wifi alijibu. “Akaniuliza mimi ni mke wa nani.”

Sindano hakumwamini, wala hakumwambia kwamba hamwamini. Alifungua droo, akatoa muhuri aliokuwa ameumaliza bila mteja: mkono wa mzee unaotafuta swichi ya taa ukutani. Akauvingirisha kwenye kitambaa. Alitoa sharti lake moja, kwamba kifundo kisiguswe. Wifi akasema atauchukua na kuurudisha mwenyewe, na mume wake hatabaki nao peke yake.

Medali ilirudi baada ya wiki mbili, ya madini ya zirkoni, nyeusi kama mkaa, imegongwa kwa usafi ambao Sindano alilazimika kuuona. Aliitafuta nyundo kifundoni, hapakuwa nayo. Akaigeuza ukingo chini ya lenzi, akaikuta huko, ndogo kuliko zamani, imepigwa kwa mkono, mahali ambapo mkono wowote aliouchonga Sindano usingefika. Aliikodolea macho kwa muda. Alitafuta kasoro, ili apate la kutuma kwa wifi, akakosa.

Basi imekuwa hivyo hadi leo. Wakusanyaji husema hakuna wawili wanaoelewana kazini kama ndugu wale, mchongaji na mgongaji, na Mwenyekiti amewahi kulisema hilo hadharani kwenye mkutano, Sindano akiwa safu ya mbele na Kishindo akiwa safu ya nyuma, kila mmoja akitazama dari. Hawajasemezana. Wakikutana ngazini kwa mama kwa bahati mbaya, mmoja hupanda na mwingine hushuka, na bega halikwepi bega.

Wifi ndiye anayekuja na kwenda. Kwa muda mrefu alingoja mlangoni, kwenye jua, huku Sindano akimalizia mikwaruzo ya mwisho ambayo, kusema kweli, ingeweza kumalizwa kabla hajafika. Kisha siku moja, bila kugeuka, Sindano alisukuma kigoda kwa mguu.

“Kaa,” alisema. “Usiguse kitu.”

Wifi akaketi, mkoba mapajani, na hakugusa kitu.